Muhula mmoja Ujerumani: kwa nini wengi wakirudi wanahitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzao?

#1 Binti_Kimara
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili, nasoma jiografia na mazingira hapa Dar. Wiki iliyopita nimepata barua kwamba nimechaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja Ujerumani, mji mdogo katika jimbo la Bavaria, chini ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi. Ninatakiwa kuripoti Oktoba, yaani muhula wangu wa kwanza wa mwaka wa tatu. Ada nalipa huku huku kwetu, kule silipi, na kuna fedha ya kujikimu kila mwezi.

Nilifurahi mpaka nilipowatafuta waliotangulia. Kaka mmoja na dada mmoja wa idara yetu walikwenda miaka tofauti. Wote wawili walihitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzao. Yule kaka anasema kalenda ndiyo iliyomponza. Yule dada anasema ni alama. Mkuu wa idara nilipomuuliza akasema "hawakufuata utaratibu", akaendelea kusahihisha karatasi zake.

Sasa naomba kujua kwa waliopitia: ukweli ni upi hapo? Na je, niende muhula huo wa Oktoba au niombe wa Aprili? Mama anauliza kila siku kama nitamaliza na wenzangu, na mimi sina la kumjibu. Natanguliza shukrani.

#2 Chapati_Moto
Nimeweka kambi hapa. Na mimi jina langu limo kwenye orodha ya akiba.

#3 Mkongwe_Changanyikeni
Hongera mdogo wangu. Jibu ni kalenda, wala usizunguke mbali.

Wajerumani wana muhula wa baridi unaoanza rasmi tarehe 1 Oktoba mpaka 31 Machi, na wa kiangazi kuanzia 1 Aprili mpaka 30 Septemba. Vipindi vyenyewe huanza katikati ya Oktoba na kwisha katikati ya Februari. Lakini vipindi kwisha si mitihani kwisha. Kuna mitihani inafanyika Februari, mingine Machi, na zile insha ndefu unaweza kupewa mpaka mwisho wa Machi kuziwasilisha. Halafu mwalimu naye ana muda wake wa kusahihisha. Huku kwetu muhula wa pili umeshaanza, kikao cha matokeo kimeshakaa, na jina lako limesomwa "matokeo hayajakamilika". Ukishaingia kwenye hilo fungu, kutoka ni kazi.

Wa Aprili ndiyo mbaya zaidi. Unakosa muhula wa pili wote, mitihani yao inafika mpaka Agosti, na mafunzo kwa vitendo ya Julai hadi Septemba yanakupita. Nenda Oktoba, ila jua unakwenda kuahirisha mwaka. Ahirisha kwa barua kabisa, usome kwa amani.

#4 Nyamizi_wa_Tabora
Mkuu #3 nakuheshimu ila kwenye kuahirisha mwaka sikubaliani nawe. Mimi nilikwenda Oktoba 2022, nikarudi Machi, na nimehitimu na darasa langu. Kalenda ilinisumbua, ni kweli. Somo moja nilifanya mtihani wiki ya mwisho ya Machi na transkripti, yaani karatasi rasmi ya matokeo, ikanifikia Mei. Ila sikukwama, kwa sababu ya karatasi moja.

Kabla ya kuondoka kuna mkataba wa masomo unaosainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako, chuo unakokwenda. Upande mmoja unaandika masomo utakayosoma kule. Upande wa pili, na huu ndio watu wanauacha nusu wazi, unaandika ni somo lipi la nyumbani linafutwa na lipi la kule. Mimi niliandika kwa misimbo, zile namba za masomo. Somo la kule namba fulani linasimama badala ya somo la kwetu namba fulani. Nikazungushwa wiki mbili kupata sahihi ya mkuu wa idara, maana mratibu wa kimataifa alishasaini na akaniambia inatosha. Haitoshi. Mratibu anasaini safari. Anayejua somo gani ni la lazima kwako ni idara.

Wale wawili wa #1 waulize hivi: upande wa pili wa karatasi zao ulikuwa na nini? Nina hakika waliandika majina tu ya jumla, au waliacha.

#5 Fundi_Samani
Ninyi mnabadilishana vyuo na Wazungu. Sisi enzi zetu tulibadilishana vitanda tu kule hosteli ya Mabibo, na napo tulikosa mkataba, jamaa akahamia na godoro langu.

#6 Nyamizi_wa_Tabora
@Fundi_Samani 😂 na wewe hukuandika misimbo.

#7 Kachero_Matokeo
Nawasoma wote, ila hakuna aliyegusa kilichonipata mimi. Yule dada wa #1 anayesema alama, msikilizeni.

Mkataba nilikuwa nao, umesainiwa na idara, misimbo yote ipo. Transkripti ikaja Aprili. Ninaikumbuka kama naiona: karatasi mbili zimebanwa kona, masomo matano, alama zangu ni 1.7, 1.3, 2.0, 1.7 na 1.0. Nikaipeleka mwenyewe dirishani kifua mbele, maana 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa Ujerumani. Kule 4.0 ndiyo mpaka wa kufaulu na 5.0 umeanguka.

Huku kwetu ni kinyume. 5 ndiyo A, 1 ndiyo D. Mhusika akachukua kalamu ya risasi, akazungushia kila alama, akaziingiza kama zilivyo kwenye safu ya pointi. Lile somo nililoongoza darasa, la 1.0, likawa D safi. Matokeo yalipobandikwa nina masomo manne ya kurudia na GPA, yaani wastani wa pointi, inayonipeleka kwenye kudisko, kuondolewa chuo kwa kufeli. Nilisimama mbele ya ubao pale miguu imekufa ganzi.

Kuanzia Aprili mpaka Julai nilikuwa natembea na maelezo ya mfumo wa alama wa Ujerumani kwenye bahasha. Kila ofisi wanasema "tunakuelewa kijana, lakini hatuna mwongozo wa kubadilisha". Mwisho ikarekebishwa, ila dirisha la kusajili masomo ya muhula wa pili lilikuwa limefungwa. Mwaka ukaenda.

#8 Chapati_Moto
Mkuu #7 pole sana. Yaani unaongoza darasa Ulaya, unadisko nyumbani!

#9 Hesabu_Nyepesi
@Kachero_Matokeo mwongozo upo, na Wajerumani wenyewe ndio wanaoutumia kubadilisha alama zetu tukiomba kusoma kwao. Wanaita fomula ya Bavaria iliyorekebishwa. Inakwenda hivi: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama uliyopata, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1.

Kwa mfumo wetu wa GPA alama ya juu ni 5 na ya kufaulu ni 2. Tofauti yake ni 3. Ile 3 ya kugawanya na ile ya kuzidisha zinafutana, unabaki na kitu chepesi ajabu: 6 kutoa GPA yako ndiyo alama ya Kijerumani. Na kurudi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo 1.7 yako ni 4.3. Ile 1.3 ni 4.7. Ile 2.0 ni 4.0. Na 1.0 ni 5, A. Hata mpaka wa kufaulu unakaa sawa, 4.0 yao ni 2.0 yetu.

Mchapie mkuu wa idara mstari huo mmoja, umwambie ausaini pamoja na mkataba kabla hujapanda ndege.

#10 Kachero_Matokeo
Miezi minne, bahasha, nauli za daladala, kumbe ni kutoa kwenye 6. Laiti ningekujua mapema mkuu.

#11 Otieno_Kisumu
Hamjambo majirani. Hesabu ya #9 ni tamu kwenu wenye GPA. Sisi Kenya matokeo yetu huwa ya asilimia: daraja la kwanza huanzia 70, kufaulu ni 40. Niliomba nafasi Ujerumani nikiwa na wastani wa 70. Weka kwenye hiyo fomula: 100 toa 70 ni 30, gawanya kwa 60, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Unapata 2.5. Daraja la kwanza langu limekuwa mtu wa kawaida tu huko.

Mtu gani kwetu hupata 100? Fomula inadhani alama ya juu hufikiwa. Kwetu mwanafunzi akipata 82 katika insha, wahadhiri huitana kuisoma.

#12 Hesabu_Nyepesi
@Otieno_Kisumu hapo umenishika ndugu yangu. Na hata Tanzania tatizo ni hilo hilo: A ni kuanzia 70. Mtu mwenye A zote ana GPA ya 5, kwa fomula ni 1.0. Lakini akisomwa kwa safu ya alama ghafi za 70 na kitu, anakuwa 2.4, 2.5. Transkripti ile ile, mwanafunzi yule yule, inategemea jicho la msomaji limetua safu ipi. Kwa hiyo kwenye maombi sisitiza GPA, na uambatishe ule ukurasa wa nyuma wenye maelezo ya madaraja.

#13 Mwalimu_Mstaafu
Vijana wangu, nimekaa kwenye vikao vya matokeo miaka mingi, naomba nisahihishe mambo mawili.

La kwanza, kikao hakiingizi 4.3 kwenye somo. GPA ni ya jumla, somo linaingia kwa herufi: A pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2. Sasa 1.7 ya huyu kijana ikishakuwa 4.3, ni A au ni B+? Nimeona idara moja ikishusha, ikaandika B+. Nyingine ikasema 1.7 kwa Wajerumani ni "nzuri" ya juu, ikampa A. Hakuna aliyevunja kanuni. Hivyo hesabu ya #9 inafungua mlango tu, bado mtakaa mezani na kuandika kila alama ni herufi gani.

La pili, mnasahau krediti. Nimeona waliokwama kwa krediti kuliko kwa alama. Kwetu Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka ni krediti 120. Ulaya mwaka ni krediti 60 za ECTS, mfumo wao wa krediti. Mwanafunzi anakwenda kule, anasoma masomo matatu mepesi ya krediti 15, anatembea Paris na Praha, anarudi anadai muhula mzima. Huyo hajaonewa na kalenda wala alama.

#14 Mkongwe_Changanyikeni
Mwalimu shikamoo. Kwa hiyo kwa uzoefu wako ni uvivu?

#15 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Wengine, ndiyo. Simsemi mtu wa humu.

#16 Nyamizi_wa_Tabora
Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, kuna wasiosoma krediti 30 kwa sababu masomo hayapo. Bavaria nilikokuwa, shahada ya kwanza inafundishwa Kijerumani. Masomo ya Kiingereza yako mengi ngazi ya uzamili. Orodha ya Kiingereza niliyotumiwa kabla ya safari ilikuwa na masomo kumi na moja. Nilipofika sita hayakufundishwa muhula ule, mwalimu yuko likizo ya utafiti. Somo la takwimu lililokuwa lifute somo letu la lazima likawa kwa Kijerumani. Nilikuwa na kiwango cha A1, ngazi ya mwanzo kabisa, nilichosoma Dar, kinanitosha kununua mkate, si kusoma takwimu.

Mkataba unaweza kubadilishwa ndani ya wiki chache za mwanzo, pande zote zikisaini tena. Nilibadilisha kwa barua pepe saa sita usiku nikiwa natetemeka, maana idara yetu ilikuwa haijibu. Aliyenisaidia ni katibu muhtasi wa idara, Mungu ambariki, alichapa fomu akamfuata mkuu mpaka kwenye maegesho ya magari. Kwa hiyo asiye na mtu wa kumkimbilia nyumbani anakwama hata kama si mvivu.

#17 Saa_za_Kazi
Mwalimu #13 naongezea hapo kwenye krediti, maana kuna watu wanapigwa bao bila kujua. Watu wanagawanya 120 kwa 60 wanapata 2, wanasema ECTS moja ni krediti mbili zetu. Lakini Ujerumani ECTS moja inahesabiwa saa 30. Zetu ni saa 10. Kwa saa, ECTS moja ni krediti TATU. Muhula wetu ni krediti 60, kwa hiyo ECTS 20 zinatosha. Huyo aliyesoma masomo mepesi anapungukiwa tano tu, si nusu nzima.

#18 Mwalimu_Mstaafu
Umehesabu vizuri lakini huwezi kushinda nayo kikaoni. Mwaka kwa mwaka ndio unaoeleweka: nusu mwaka kule iwe nusu mwaka hapa, yaani 30 kwa 60. Ukileta habari ya saa utaambiwa basi mwanafunzi wetu anayesoma saa 1,200 kwa mwaka si mtu kamili mbele ya Mjerumani wa saa 1,800. Nani atakubali kuandika hivyo kwenye muhtasari?

#19 Saa_za_Kazi
Hapo ndipo mwanafunzi anapoumia Mwalimu. Tunalinda heshima ya muhtasari, mtoto wa watu anarudia mwaka.

#20 Binti_Kimara
Nawashukuru sana, naandika kila kitu kwenye daftari. Naomba niulize la fedha. Barua inasema nitapewa fedha kwa mwezi, lakini kuna mtu ameniambia ubalozini wanataka uwe na akaunti yenye yuro elfu kumi na kitu. Nyumbani hatuna fedha hiyo hata tukiuza kiwanja. Na bumu langu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, linakuwaje nikiwa kule?

#21 Nyamizi_wa_Tabora
Dada usiuze kiwanja. Akaunti hiyo Wajerumani wanaiita Sperrkonto, ya 11,208 kwa mwaka, ni kwa anayejigharamia. Ukiwa na barua ya ufadhili, barua ndiyo uthibitisho wako.

Mimi 2022 nilipewa yuro 850 kwa mwezi, na 820 ya nauli kwa sababu ya umbali. Ila haiji yote. Nilipewa asilimia 80 mwanzoni, iliyobaki nikaipata nyumbani baada ya kujaza ripoti ya mwisho. Chumba cha wanafunzi 330, dhamana ya chumba 500 siku ya kwanza, bima ya afya zaidi ya 100 kila mwezi, na kuna ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Barua yake ilikuja nikadhani ni matapeli, nikaitupa. Ikaja ya pili.

#22 Umoja_House_Asubuhi
Marekebisho kidogo kwa #21: hiyo 11,208 ni ya zamani. Kuanzia Septemba 2024 ni 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Na hapa kuna mtego. Barua ya ufadhili ikisema 850 na kiwango ni 992, inabaki 142 kwa mwezi haina maelezo. Kwa miezi mitano ni 710. Mimi niliombwa nionyeshe tofauti. Chuo cha kule kilinisaidia kwa barua nyingine iliyoeleza punguzo la chumba, na mjomba akajaza kilichobaki. Mwenzangu wa barua kama yangu hakuulizwa. Kwa hiyo jiandae usije ukashtukizwa dirishani.

Miadi ya viza itafute SASA, usisubiri mkataba ukamilike. Ni viza ya taifa ya muda mrefu, ada yake yuro 75. Ile ya Schengen ya siku 90 haikufai, muhula unazidi. Mimi sikudaiwa ada kwa kuwa ufadhili ulikuwa wa umma, ila nilikwenda nayo mfukoni. Pasipoti kama huna ni 150,000 Uhamiaji, na cheti cha kuzaliwa kiwe kile cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi, si tangazo la kliniki.

#23 Kachero_Matokeo
Bumu: nenda kwa afisa mikopo wa chuo kabla ya kuondoka, na barua ya ruhusa ya chuo mkononi. Majina yakitoka unatakiwa kusaini na wewe hupo, watakuona umeacha chuo. Mimi nilimwachia nakala, akaniweka kwenye orodha ya waliopo kwa ruhusa. Rafiki yangu hakwenda, fedha ikarudishwa. Na akirudi ndipo akaanza kuomba upya, akiwa na madeni ya ada, hakuruhusiwa mtihani. Huyo naye alihitimu nyuma, lakini hutasikia akitaja kalenda wala alama.

#24 Fundi_Samani
Tumefika sababu ya tano sasa: kalenda, karatasi, alama, krediti, bumu. Uzi ukifika kurasa tatu tutagundua ni wachawi wa kijijini.

#25 Mama_Wawili_Moro
Mimi ni mzazi, mniwie radhi kuingilia. Mwanangu wa kwanza alikwenda. Hakuna anayewaambia watoto habari ya Jumapili. Alitua Jumamosi jioni, akafika chumbani usiku, kitanda hakina hata shuka. Asubuhi yake ni Jumapili, maduka YOTE yamefungwa, ndiyo desturi yao. Akanipigia simu analia kwa njaa, mimi niko Morogoro nitamfanyia nini? Akaja kuelekezwa na msichana wa Kihindi kwamba kituo cha treni kuna duka la mikate linafunguliwa. Alitembea dakika arobaini kwenye baridi na viatu vya raba.

Binti, kata tiketi ya kufika siku ya kazi. Beba shuka moja, biskuti, na koti usinunue Kariakoo kubwa la kutisha, utapata la mtumba huko huko linalofaa baridi yao.

#26 Chapati_Moto
Mama hapo umenigusa. Ugali je?

#27 Nyamizi_wa_Tabora
@Chapati_Moto tafuta polenta dukani, ni mahindi yaliyosagwa chenga chenga. Chagua ile laini, koroga kwa subira, unapata ugali wa njano. Dona ya kwetu mji mkubwa ndiko kuna maduka ya Waafrika. Nyama na maziwa usibebe kabisa, Umoja wa Ulaya hawaruhusu abiria kuingiza kutoka huku. Nilinyang'anywa samli ya bibi pale uwanjani, nililia kwa ile samli kuliko nilivyolia kuagana.

Na chupa za plastiki msitupe, nyingi zina dhamana ya senti 25, unazirudisha kwenye mashine dukani. Mwezi wa mwisho nilikula kwa chupa.

#28 Mwl_Mkunazini
Tunarudi kwenye mada? Mimi nafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Zanzibar, napokea wanafunzi wa Ujerumani kila mwaka, wa Leipzig, Bayreuth, Hamburg. Bayreuth wana kongamano lao la Kiswahili kila mwaka, na wengi wao wanakuja huku kabla ya kuandika tasnifu. Sijawahi kusikia hata mmoja amerudi kwao akarudia mwaka.

Sababu nimeiona kwa macho. Siku ya kwanza tu mwanafunzi ananiletea fomu: Mwalimu, nisainie hapa saa ngapi tutasoma, mtihani wa aina gani, krediti ngapi. Kwao somo la nje limeachiwa nafasi kwenye shahada yenyewe tangu mwaka wa kwanza. Muhula huo hauna somo la lazima. Kwetu kila muhula umejaa masomo ya lazima mpaka shingoni, halafu tunamwambia mtoto nenda, ukirudi tutaangalia. Hata akiwa na karatasi zote, hajaachiwa nafasi ya kuweka alichokileta. Hapo simlaumu mwanafunzi wala mhusika wa dirishani.

#29 Mwalimu_Mstaafu
Ndugu yangu wa Mkunazini umesema kitu kikubwa. Ila kumbuka wanakuja kusoma lugha, na lugha haina mgogoro. Mlete wa uhandisi uone.

#30 Mwl_Mkunazini
Wa uhandisi hatujaletewa, kwa hiyo hilo nakuachia. Wa sheria ninaye mmoja sasa hivi, na fomu yake nimeisaini wiki iliyopita.

#31 Binti_Kimara
Wakuu, mrejesho. Juzi nimekaa na mkuu wa idara saa nzima. Nilimpelekea orodha yangu ya masomo matano, krediti 28 za ECTS, kila moja na msimbo wa somo letu pembeni, na chini nikachapa mstari wa #9 na jedwali la herufi kama Mwalimu alivyoshauri. Alisoma kimya. Akaniuliza nani amekufundisha haya, nikamwambia kaka na dada zangu.

Manne ameyakubali na kusaini. Kwenye jedwali amebadilisha mahali pamoja: 1.7 ameiandika B+, A inaanzia 1.5. Sikubishana. La tano, mbinu za utafiti, amekataa. Anasema hilo ni la lazima, linafundishwa muhula wa kwanza tu, na la kule halina kazi ya uwandani. Nimeomba nifanye uwandani Aprili nikirudi, kwa makubaliano na mwalimu wa somo. Amesema ataliweka kwenye kikao cha idara cha mwezi ujao. Miadi ya viza nimeipata, iko wiki mbili baada ya kikao.

Afisa mikopo ameshachukua nakala. Tiketi nitakata ya kufika Jumanne, Mama wa Moro asante.

#32 Mkongwe_Changanyikeni
Safi sana binti. Ila hilo la tano ndilo lililomkamata yule kaka yako, nakuhakikishia. Omba barua ya kikao kwa maandishi, usiondoke na ahadi ya mdomo.

#33 Kachero_Matokeo
1.7 kuwa B+ imeniuma kama vile ni yangu. Mkuu wa idara yupo tayari kusikia hoja? Kwa Mjerumani 1.7 hupati kwa bahati.

#34 Saa_za_Kazi
Krediti 28 kwa hesabu ya Mwalimu ni 56, zinapungua nne. Kwa hesabu yangu ni 84, zimezidi. Amezihesabu vipi?

#35 Binti_Kimara
@Saa_za_Kazi hakuhesabu krediti kabisa. Ameangalia majina ya masomo tu. Nimuulize au ninyamaze?

#36 Nyamizi_wa_Tabora
Muulize, kabla ya kikao.

#37 Mwalimu_Mstaafu
Ongeza somo moja dogo la krediti mbili, lugha ya Kijerumani mara nyingi ipo kwa wageni. Inakuwa 30, na hakuna wa kukuuliza.

#38 Otieno_Kisumu
Dada Kimara, kila la heri. Ukipata lile jedwali la herufi lililosainiwa, funika majina uliweke hapa. Nataka nimpelekee mkuu wa idara yangu Kisumu, nimuulize 70 ya kwetu ataiandika ngapi.